Mkwaruzo Alioulamba Kakakuona

Wanyama walipofungua ukumbi wa gemu za kompyuta, Kakakuona aliwekwa mlangoni. Kila mchezaji alimpa CD yake ailambe, maana iliyo halali ilikuwa na mkwaruzo mmoja wa siri, uliomtambulisha mwenyewe.

Kinyonga hakuwa na CD. Alijikunja duara kama CD ya Digidigi, mchezaji wa siku nyingi, akajichora mkwaruzo uleule, akajiviringisha hadi mlangoni.

Kakakuona akamlamba. "Pita, Digidigi."

Digidigi mwenyewe alipofika, CD yake ilikataliwa. "Ina mikwaruzo miwili. Feki hii!"

"Afande, nimeichezea miaka! Imechakaa tu!"

"Digidigi keshaingia."

Kutoka ndani, sauti ya Digidigi ikasema kwa upole, "Afande, funga mlango. Huyo simjui."

Digidigi akafungua mdomo abishe. Hakikutoka kitu. Sauti yake ilikuwa ndani, ikicheza.