Taya la Lazarus

Jiwe la kwanza lilimpata Khisa sikioni. La pili lilikuwa mkononi mwa Barnaba, na hilo lilikuwa kubwa.

"Ngojeni," alisema mzee Philemon, mng'oa meno wa soko la Kakamega. "Hata kesho mtamuua. Hana mbio, mguu mmeshamvunja."

Wengine walicheka. Kicheko hicho kilimpa Philemon nafasi ya kuinamia mifupa iliyookotwa asubuhi hiyo msituni Buyangu, pamoja na mkanda ambao Kageha aliutambua: wa mumewe Lazarus, aliyepotea miaka minne iliyopita, siku aliyopigana na Khisa.

"Tulipigana, akaenda zake Uganda," Khisa alisema, akitema damu. "Nimesema mpaka nimechoka."

"Uganda gani isiyo na barua?" Barnaba akamshindilia teke la mbavu.

Barnaba alikuwa mdogo wake Lazarus. Ndiye aliyemrithi Kageha, kama desturi inavyotaka, na alijua kulinda boma. Siku ya uhuru, mwaka juzi, kijiji kizima kikiwa uwanjani kinaimba na Kageha peke yake amebaki ndani, Barnaba alimkuta mwizi mlangoni pake, akamfyeka mgongo kwa panga. Mwizi akakimbilia msituni na damu yake. Hadithi hiyo Barnaba aliisimulia kila penye pombe ya busaa, na kila mara mwizi aliongezeka urefu.

Philemon aliinua taya. Upande wa kushoto mfupa ulikuwa na kinundu, na ubavuni mwake kovu la kitundu kama cha msumari.

"Ni yeye. Jino lilioza mzizi, usaha ukatoboa mfupa. Nililing'oa mimi, asubuhi ile ile ya ugomvi. Alinitukania mama."

"Basi tumalize." Barnaba aliinua jiwe.

"Nililing'oa likaacha shimo la kuingia kidole. Sasa shimo liko wapi?" Philemon alipitisha kidole gumba. Mfupa ulikuwa umejaa, laini kama mgongo wa kijiko. "Maiti haponi kidonda, ndugu zangu. Huyu alitafuna obusuma, ugali wake, mwaka mzima au zaidi baada ya koleo langu. Alienda kweli. Kisha akarudi."

Mikono ikashuka, mmoja mmoja. Wa Barnaba ulibaki juu.

"Shemeji," Kageha alimwita, jina ambalo hakulitumia tangu arithiwe. "Si nilikwambia yule mwizi alipiga hodi, ukanicheka?"