Aliyeizuia Roketi

Kipaza sauti kilikuwa kimehesabu kurudi nyuma mpaka kumi na nne kiliponyamaza. Kisha kikasema, "Urushaji umesitishwa."

Roketi ilibaki imesimama ng'ambo ya kinamasi, ikifuka mvuke. Wanafunzi wangu arobaini, waliokaa muda wa saa kumi ndani ya basi kutoka mjini kwetu Anantapur, wakanigeukia kana kwamba mwalimu wao ndiye aliyeizima.

"Nani kaizuia?" aliuliza Nagalakshmi, mmoja wao, machozi yakimtoka.

Baada ya saa moja tuliletewa mhandisi atueleze. Alikuwa mwanamke kijana mwenye sari ya pamba.

"Nimeizuia mimi," alisema. "Mgandamizo wa tangi moja ulipanda kidogo."

"Kidogo kiasi gani, dada?" Nagalakshmi alimbana.

Akabakiza upenyo kati ya vidole viwili, usiopitisha punje ya mchele.

"Wakubwa wako walikuruhusu?"

"Hapakuwa na muda wa kumuuliza mtu."

"Na kama umekosea?"

"Nitagombezwa. Lakini roketi bado ipo."

Simu yake ikaita. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akaitikia "ndiyo, bwana" mara tatu, akaikata.

"Wameona vali ya kupunguza mgandamizo imekwama," alituambia polepole. "Roketi ingelipuka."

Nagalakshmi akafuta macho, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya.

"Dada," alisema, "hiyo kazi yako inaitwaje?"