Kusimama Mlimani

Daktari aliwaeleza mke na mume wote wawili: mishipa ya damu ya mguu wa Bi Mgeni imeziba. Ameze vidonge, na kila siku atembee mpaka maumivu yamshike, apumzike, kisha aendelee. Wakiwa mlimani kurudi nyumbani, shavu la mguu likakaza. Akasimama.

“Uvivu umeanza,” alisema mumewe, Faki, bila kugeuka.

“Baba Hidaya, rudi hapa.” Bi Mgeni alimwita kwa hasira. “Miaka mitatu unaniita mvivu mbele ya wakwe zangu. Leo utasimama na mimi mpaka mguu uniachie.”

Faki akarudi, akasimama, wapita njia wakiwatazama. Maumivu yalipolegea, Bi Mgeni hakumwambia. Alimpita akapanda, na nyuma yake akasikia ndala za Faki zikiburuzika kwenye changarawe, polepole.