Mashine ya Mzee Waitara

"Usiiachie hiyo Shifti," Mzee Waitara alisema. "Ukiiachia, umedondosha mtu shimoni."

Sharon akaibana kwa kidole kidogo, akapiga mshale wa kulia. Kwenye laptopu yake herufi moja ikavaa bluu, halafu ya pili, halafu ya tatu.

Mzee alikuwa amekaa mbele yake, mgongo wa laptopu ukimtazama, akisikiliza vidole vya binti huku amefumba macho. "Unatambaa kama kobe. Ongeza Kontroli."

Akaongeza. Neno zima likashikwa kwa pigo moja. Akapiga Shifti na Endi, mstari wote ukashikwa mpaka mwisho. Sharon akacheka peke yake. Miaka yote ya chuo alikuwa anaburuza kipanya kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka mnada.

Kesho kipanya hakitakuwepo. Felista, mwenye karasha kubwa kule Genkuru, alitaka mtu wa kutunza programu ya mizani yake, na usaili ungefanyika kwenye kontena lililopakana na mashine hiyo ya kusaga mawe. Meza ilitetemeka kutwa, na vumbi lilishaua vipanya vingi mpaka Felista akapiga marufuku kununua kingine. Sharon akiikosa kazi hii, angevuka mpaka wa Sirari kwenda kumsaidia mjomba wake kuuza mitumba Migori. Mama yake alishamfungia begi.

Ndipo akaelekezwa kwa mstaafu huyu wa Kerende. Watu walisema hakuna njia ya mkato ya kibodi asiyoijua, na mwenyewe hakubisha.

"Nilikuwa naosha magari mgodini. Mzungu mmoja akaanza kunifundisha kibodi Jumatatu. Ijumaa mimi ndiye namfundisha. Akapanda ndege kwenda kwao, hata kuaga hakuaga."

Kibodi ya mzee mwenyewe ilikuwa magotini, vidole vikiruka juu yake kama vya mpiga litungu kwenye nyuzi. Waya uliingia kwenye sanduku la mbao lililofunikwa kitenge, na Sharon aliona ni busara, kwa vumbi lile. Mara kwa mara mzee aliinua pindo la kitenge, akachungulia, akaridhika. Kuna wakati alipenyeza bakuli la maji.

"Maji ya nini, babu?"

"Mashine ikikaa kazini mfululizo inapata joto. Kwani lori halina rejeta?"

Kitu kikakwaruza ndani ya sanduku. Sharon akanyoosha mkono afunue kidogo.

"Toa mkono, mjukuu wangu. Ikipigwa na baridi sasa hivi, kazi ya majuma yote haya imeoza."

"Basi nipe ile ya maneno yanayofanana."

"Kontroli na Di. Shika neno moja, halafu gonga, gonga. Kila ukigonga anakuja ndugu yake. Wakitimia ukoo mzima, waamrishe kwa pamoja."

Kesho yake kontena lilitikisika kama gari la ng'ombe. Aliyeandika programu ile aliweka "kilo" kila palipotakiwa "gramu", na mchimbaji mmoja, Marwa, alishaenda kuposa kwa nguvu ya kilo zake mbili za dhahabu.

Felista akakunja mikono. "Haya. Tuone."

Sharon akashika neno la kwanza. Kontroli na Di. Gonga, gonga. Ndugu wakaja, wa juu na wa chini, wote wamevaa bluu. Akaandika "gramu" mara moja tu, ukoo mzima ukabadilika.

Felista akakifuata kioo kwa kidole, mstari kwa mstari. "Kazi unaanza leo," akasema. "Na ya kwanza ni kwenda kumwambia Marwa."

Jioni Sharon alipita Kerende, laptopu kwapani na mfuko wa sukari mkononi.

"Shikamoo, babu. Nimeipata."

"Marahaba. Na mimi nimepata. Wameanguliwa asubuhi, hakuna hata yai moja lililoharibika."

Kitenge kilikuwa kinaning'inia kwenye kamba ya nguo. Kutoka kwenye sanduku alitoka kuku mwekundu na msururu wa vifaranga, akikokota waya wa kibodi uliofungwa mguuni.

Mzee Waitara akasogeza kigoda chake karibu, akapangusa macho kwa shati.

"Sasa igeuze hiyo laptopu, mjukuu wangu. Leo na mimi nione, huko upande wako huwa kuna nini."