Chini ya Kiti cha Nyuma

"Hapo chini ya kiti cha nyuma paache tu, dada," alisema dereva, akajifanya anakagua tairi.

Naipanoi hakupaacha. Lile gari la watalii alishalipiga shampuu, na dashibodi aliipaka polishi hadi ikang'aa, lakini katazo hilo lilimwasha kuliko jiki. Wiki zote alizoleta gari kuoshwa hapa Karatu, dereva huyu hakuwahi kumchagulia mtu pa kusafisha.

Akafunua kapeti. Palikuwa na kifuniko cha kibuyu, kimeshonewa shanga nyeupe na bluu, na moja nyekundu iliyokaa pasipo pake. Kosa hilo alilifanya yeye mwenyewe, akimshonea mama yake nyumbani Endulen. Ndani ya kifuniko asali ilikuwa bado inanata.

Kwao, kijana hapeleki asali nyumbani kwa watu kwa kusalimia tu. Anakwenda kuposa. Mama akiionja, amekubali.

Akashuka na kifuniko mkononi. Dereva akaganda pale pale kwenye tairi.

"Mama alionja?"

Kabla hajajibiwa, Naipanoi alichovya kidole kwenye ile asali, akakilamba.