Sikujua Aingia Maktaba

Kwa miaka kumi na saba Sikujua alisoma vitabu vya maktaba ya mji bila kuwahi kuingia ndani. Kiti chake cha magurudumu kilikomea chini ya ngazi, naye mkutubi, Bwana Habili, alikuwa akimtolea kitabu dirishani. Alisoma alichopewa, akashukuru.

Asubuhi moja alikuta ngazi zimefunikwa kwa mteremko wa saruji, na mlango wa zamani umebomolewa, umejengwa mwingine mpana. Fundi Mwanakombo, aliyeujenga, alikuwa pembeni akiosha mwiko wake.

"Nikusukume, dada?"

"Niache kwanza, fundi. Nataka mikono yangu ndiyo inipeleke."

Akayashika magurudumu, akapanda taratibu, akapita mlangoni bila kugusa popote. Ndani akasimamisha kiti. Miaka yote alidhani ni chumba kimoja chenye kabati mbili tatu. Mbele yake rafu zilipanda hadi darini, safu baada ya safu, macho yasifike mwisho.

"Kumbe vyote hivi vilikuwa humu?" alinong'ona.

Bwana Habili aliinuka mezani, akainamisha macho. "Vilikuwamo, Bi Sikujua. Nikuletee kipi leo?"

Alitaka kujibu kama siku zote, "Chochote." Lakini akazitazama tena zile rafu.

"Leo usiniletee."

Akajisukuma katikati ya safu mbili, polepole, kama mtu aingiaye nyumba ya ibada. Akanyoosha mkono, na vidole vyake vikapita juu ya migongo ya vitabu, kimoja baada ya kingine, bila kuchomoa hata kimoja.