Bajeti ya Kimya

Krrrrp! Krrrrp! Zipu ilifunguka, ikafungwa, ikafunguka tena. Fundi hakuhitaji kwenda kuangalia. Alijua ni hema jipya huko uani, na wanawe wanne wakigombania mlango wake.

"Mtaikata hiyo zipu, watu nyie!" alifoka kutoka kibandani kwake, mbele ya nyumba.

Akairudia bajeti ya safari ya kambi. Alikuwa ameiandika kwa chaki kwenye geti la mteja, maana yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na karatasi kibandani kwake haidumu, huungua. Bawa la kushoto la geti lilikuwa la fedha zilizopo. Bawa la kulia, matumizi. Sasa matumizi yalishajaa huko kulia, yakavuka, yakaanza kuzitafuna fedha upande wa pili.

Mwaka mzima alijinyima kwa ajili ya kitu kimoja tu: siku tatu za kimya. Kutwa nzima grenda ya kukatia vyuma humlilia masikioni. Akiingia ndani, kuna cherehani ya mkewe, kuna redio, kuna watoto. Na tangu mwezi uliopita kuna mama mkwe, ambaye huanza kisa wakati wa chai ya asubuhi na hukimaliza... bado hajawahi kukimaliza. Fundi aliwahi kuambiwa kwamba kuna kimya cha kumfanya mtu asikie damu yake ikitembea. Alitaka kuisikia hiyo damu kabla hajafa.

Mkewe akatokea mlangoni, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Baba watoto, nimepiga simu kambini. Kuni tunanunua kwao."

"Kuni? Msituni?"

"Kuokota hairuhusiwi."

"Yaani tulipe kiingilio, tulipe pa kuegesha gari, tulipe kulala chini, halafu tununue kuni tukiwa tumezungukwa na miti?"

"Ndivyo walivyosema."

Mke akajiweka sawa kwa ugomvi. Huyu ndiye mwanamume aliyewahi kurudisha kiberiti dukani kwa sababu njiti zilipungua. Lakini fundi akaokota chaki, akaandika: kuni.

"Na jiko la gesi, kama mvua itanyesha."

Akaandika.

"Sasa tatizo ni mama. Hawezi kulala hema moja na mkwewe, ni aibu. Nitamwomba tu abaki..."

"Abaki?" Fundi aliruka kama aliyedondokewa na cheche. "Mama wa watu abaki peke yake? Utu gani huo! Atanunuliwa hema lake. Tena lile la bei, linalojisimamisha lenyewe ukilirusha, asihangaike na kamba."

"Kwa pesa ipi?"

"Nitauza grenda moja."

Mkewe akamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Unaumwa wewe?"

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mboga karibu na dirisha, alisikia yote. Akatoka akifuta machozi kwa upindo wa gauni.

"Mwanangu, grenda yako kwa ajili yangu? Wema huu nitaulipa."

"Wala usijali, mama. Wewe ukifurahi huko, na mimi nimefurahi," alisema fundi, na kila neno lilikuwa la kweli.

Jumatano alilipaka geti rangi, bajeti na kuni zake zikazama chini ya rangi nyeusi. Rangi ilipokauka akalifunika geti kwa turubai, vizuri, lisionekane.

Ijumaa asubuhi gari la kukodi likapiga honi. Yakapanda masufuria, likapanda jiko, yakapanda mahema mawili. Wakapanda watoto, akapanda mke. Mama mkwe alikaa karibu na dereva, na tayari alishafika katikati ya kisa. Fundi alikuwa bado amesimama barabarani na ovaroli lake.

"Panda basi!"

"Mama watoto, mwenye geti kanipigia simu. Analitaka Jumatatu, na hata rangi sijagusa. Nendeni tu."

"Si tuahirishe?"

"Tuahirishe, na kuni tumeshalipia?"

Mke akafunga mlango wa gari. Gari likaondoka. Fundi akapunga mkono mpaka likakata kona, akapunga tena kidogo kwa usalama.

Kisha akaingia ndani. Akazima redio. Akachomoa waya wa friji ili nayo iache kunguruma. Akavua viatu, akajilaza chali kitandani, akatabasamu akiitazama dari. Mtu mwenye akili zake aende msituni na watu sita kutafuta kimya, wakati watu sita wanaweza kwenda msituni wenyewe?

Nyumba ikatulia. Ikatulia zaidi. Damu ikaanza kusikika, kwa mbali, ikitembea.

Krrrrp!

Fundi akafumbua macho.

Krrrrp! Sauti ilitoka uani, chini kabisa ya dirisha lake. Akavuta pazia. Hema dogo lilikuwa limesimama wima, na mlangoni pake kimechomoza kichwa cha mama mkwe.

"Nimewaambia wanishushe pale kona, mwanangu. Roho imekataa. Mkwe auze grenda yake kwa ajili yangu, halafu nimwache peke yake na kazi? Na heshima ipo palepale: wewe ndani, mimi nje kwenye hema langu, tunaongea kwa dirisha." Akakunja miguu, akasafisha koo. "Nakuahidi, baba, mpaka watakaporudi, hutakaa kimya hata dakika moja."